Chanjo, minyoo, kupe: ratiba ya kumkinga mbwa na paka wako tangu siku ya kwanza

Mbwa na paka wengi huku kwetu wanakufa kwa vitu ambavyo kinga yake ipo na inauzwa, na mara nyingi shida sio kwamba mwenyewe hakutoa hela, alitoa, ila alitoa tarehe sio, au kipimo sio, au alinunua dawa ya mnyama mwingine kabisa. Unakuta mtoto wa mbwa kachomwa sindano moja akiwa na wiki sita, nyumba nzima inajua kashachanjwa, akifika miezi mitatu anaanza kutapika na kuharisha damu, siku ya tatu hayupo. Unakuta paka kapakwa dawa ya viroboto ya mbwa, jioni anatetemeka, asubuhi kafa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa umri na tarehe. Kama wako ni mkubwa tayari usiruke, kwenye chanjo na minyoo nimeandika mkubwa aanzie wapi.

Na kabla ya yote tafuta kadi au hata daftari la kawaida. Ukurasa mmoja mnyama mmoja: tarehe, uzito siku hiyo, dawa gani, na tarehe ya kurudi. Chanjo nyingi zinakuja na stika kwenye kichupa, mwambie daktari aibandue aibandike hapo na aweke sahihi. Afu piga picha na simu, maana kadi za wanyama zinapotea kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

Hatua ya 1: Daktari kwanza, mnyama baadaye

Mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Tanzania wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, Kenya ni Kenya Veterinary Board, na ukimuuliza mtu namba yake ya usajili kama ni daktari kweli hatakasirika. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Nairobi kuna ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na kijijini anza na ofisa mifugo wa kata, hata kama shughuli zake nyingi ni ng'ombe atakuelekeza.

Muulize chanjo anatunzia wapi. Chanjo inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, yaani friji, na akija nyumbani aje nayo kwenye kikasha chenye barafu. Mtu akichomoa kichupa mfukoni, kimezunguka naye kwenye bodaboda tangu asubuhi na hili jua la Dar, usikubali. Kuna utafiti uliofanyika Tanzania ukachapishwa 2016, ulionyesha aina moja ya chanjo ya kichaa inavumilia joto la nyuzi 25 kwa miezi sita bado inafanya kazi, na hiyo ni habari njema sana kwa vijiji visivyo na umeme, lakini ni hiyo ya kichaa tu, zile za parvo na distempa, magonjwa ya mbwa nitakayoyaeleza Hatua ya 4, zina virusi hai waliodhoofishwa, zikipata joto zinaharibika na mbwa wako anakuwa kachomwa maji.

Hatua ya 2: Usimchukue kabla ya wiki nane

Wauzaji wengi wanatoa watoto wakiwa na wiki nne au tano kwa sababu wameanza kula na wanamaliza chakula. Kataa, au lipia umuache pale pale. Muulize mwenye mbwa mama kachanjwa lini, watoto wamepewa dawa ya minyoo mara ngapi, na kuna mwingine aliyekufa kwenye uzao huo au la. Akijibu kwa kuzungukazunguka ondoka.

Kama nyumbani kwako kuna mbwa aliyewahi kufa kwa kuharisha damu, hapo pana kazi ya ziada. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, hata mwaka, na zile dawa za kunukia tunazodekia hazikiui. Kinachokiua ni jiki. Osha kwanza na sabuni uchafu wote utoke, maana jiki haifanyi kazi juu ya kinyesi, kisha changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo thelathini, mwaga, iache dakika kumi, suuza. Vyombo vya chakula hivyo hivyo. Udongo wa uani huwezi kuuosha, kwa hiyo mtoto mpya asikanyage hapo mpaka chanjo ziishe.

Hatua ya 3: Minyoo, na hii inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani

Mtoto wa mbwa anazaliwa na minyoo au anaipata kwenye maziwa ya mama yake, ndo maana unaona vitoto vina matumbo makubwa na mbavu zinahesabika. Dawa inaanza akiwa na wiki mbili, kisha nne, sita, nane. Baada ya hapo kila mwezi mpaka afike miezi sita, afu kila miezi mitatu maisha yake yote. Mama mpe siku moja na watoto. Mtoto wa paka anaanza wiki ya tatu, anarudia kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya tisa hivi, kisha anafuata ratiba hiyo hiyo. Mkubwa ambaye hujui historia yake mpe leo, rudia baada ya wiki mbili, halafu weka alamu kwenye simu: Januari, Aprili, Julai, Oktoba.

Kipimo kinaenda na uzito, sio na umbo. Chukua mzani wa kupimia watu, panda mwenyewe usome, kisha panda umembeba mbwa, toa. Vidonge vingi vya mbwa kimoja ni kwa kilo 10 ila soma paketi, zinatofautiana. Kisokote ndani ya donge la ugali na dagaa, mpe donge tupu kwanza, la pili lenye dawa, na la tatu umuonyeshe haraka, kwa tamaa ya la tatu anameza la pili bila kulichunguza. Mtazame dakika kadhaa, wengine wanakificha shavuni wanaenda kukitema nyuma ya nyumba.

Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye manyoya chini ya mkia, huyo ni tegu, na tegu wa aina hiyo analetwa na viroboto, mbwa anajilamba anameza kiroboto. Ukimpa dawa ya tegu ukaacha viroboto, mwezi ujao anarudi.

Hili la minyoo lina upande wa watoto wetu pia. Mayai ya minyoo ya mbwa yanakaa kwenye udongo wanapocheza, na viluwiluwi vya safura ya mbwa vinapenya ngozi ya miguu, unaona mstari mwekundu unaowasha na kila siku unasogea. Zoa kinyesi kila siku, kichimbie au kitupe chooni. Na tegu mwingine, yule mdogo sana anayesababisha vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, mbwa anampata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe. Turkana kule Kenya imejulikana miaka mingi kwa ugonjwa huo, watu wamepasuliwa matumbo kutolewa vifuko vikubwa. Kwa hiyo siku ya kuchinja, iwe Idd au Krismasi, ukikuta ini lina malengelenge ya maji usimrushie mbwa. Lichome au lifukie chini sana. Na dawa ya minyoo unayonunua kwa ajili ya tegu iwe na prazikwanteli ndani, sio kila dawa ya minyoo inayo.

Hatua ya 4: Chanjo za mtoto wa mbwa, na kwa nini moja haitoshi

Hapa ndo wengi wanapoangukia, ngoja nieleze taratibu.

Mtoto akinyonya dang'a siku ya kwanza anapata kinga ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaishambulia chanjo, ukimchoma ikiwa bado kali chanjo inauliwa kabla haijamfundisha mwili wake chochote. Kinga ya mama inaisha taratibu, kwa mmoja wiki ya nane, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya kumi na mbili, kwa mwingine karibu na kumi na sita, na kwa macho huwezi kujua. Ndo maana tunarudia. Sio kwamba sindano ya pili inaongeza nguvu ya kwanza, ni kwamba tunatafuta siku ambayo mlango umefunguka. Mtu aliyeishia sindano ya wiki sita ana uwezekano mkubwa kwamba hajachanja kabisa.

Ratiba inakuwa hivi: ya kwanza wiki ya 6 mpaka 8, kisha kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 16. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote, kama hela ni ya kubana usiiruke hiyo. Rudia akifika mwaka mmoja, baada ya hapo daktari atakupangia, parvo na distempa kuna chanjo zinazokaa miaka mitatu, ila ile ya leptospira ni kila mwaka bila kukosa. Mkubwa ambaye hajawahi kuchanjwa apate mbili, wiki mbili mpaka nne katikati.

Sindano hiyo kwa kawaida ina magonjwa kadhaa ndani yake. Parvo ni ugonjwa uliojitokeza kwa mbwa 1978 na ukazunguka dunia ndani ya muda mfupi, unakula utumbo na kushusha chembe nyeupe za damu kwa pamoja. Distempa inaanza na makamasi na macho yenye usaha, watu wanasema mafua, wiki chache baadaye mbwa anatikisika taya na miguu na hapo kurudi nyuma ni vigumu. Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi ile walikufa, na virusi vilifuatiliwa mpaka kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka. Simba, jamani. Mbwa asiyechanjwa wa Bunda au Loliondo sio shida ya mwenye mbwa peke yake.

Na leptospira ndo ile homa ya mgunda iliyosikika Ruangwa, Lindi, Julai 2022, watu 20 waliugua na watatu wakafariki. Inakaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, mvua ikinyesha inaingia kwenye madimbwi. Mbwa anakunywa dimbwi, anaugua ini na figo, na mkojo wake unaweza kukuambukiza wewe unayefagia banda. Ukifagia banda la mbwa anayeumwa vaa buti na glavu. Panya uwapunguze, chakula cha mbwa kisilale nje usiku.

Siku ya chanjo mnyama awe mzima, anakula, hana homa. Kaa pale kliniki dakika 20 hivi baada ya sindano, akivimba uso au kutapika daktari awepo. Kulala sana siku hiyo na kauvimbe kadogo alipochomwa ni kawaida. Na mpaka wiki mbili baada ya sindano ya mwisho usimtembeze chini barabarani wala sokoni, mbebe aone watu, asikie pikipiki, azoee, ila miguu isiguse chini wanapopita mbwa usiowajua.

Hatua ya 5: Kichaa cha mbwa

Hii ni chanjo yake peke yake, akiwa na wiki 12, anarudia akifika mwaka, baada ya hapo kila mwaka au kila miaka mitatu kutegemea chanjo iliyotumika na sheria ya unapoishi. Paka pia, usiku mzima yupo nje anapigana na wanyama usiowajua. Kampeni ya bure ikipita kijijini na mtoto wa mbwa ana wiki saba mpeleke tu, Shirika la Afya Duniani linasema hata wadogo wachanjwe kwenye kampeni, afu atarudia baadaye. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri nyingi zinachanja karibu na siku hiyo, ulizia ofisi ya mifugo mwezi wa nane mwishoni.

Ugonjwa huu dalili zikishatokea, kwa mbwa au kwa mtu, hakuna dawa. Inakadiriwa watu 59,000 wanakufa kila mwaka duniani, wengi ni Afrika na Asia, na asilimia 40 hivi ni watoto chini ya miaka 15. Na karibu wote waling'atwa na mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo na kichaa kikaisha kisiwani.

Sasa mtu aking'atwa, au kukwaruzwa, au mbwa mgeni kumlamba kwenye kidonda: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, sio kukisia. Dakika 15 ni ndefu, weka simu pembeni ihesabu. Usipake mafuta ya breki, pilipili, wala majivu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, na zote umalize, usiache baada ya ya kwanza kwa sababu kidonda kimepona. Mbwa akikamatika asiuawe, afungiwe sehemu salama aangaliwe siku 10, akiwa hai na mzima baada ya hapo hakuwa na kichaa wakati anang'ata. Mtu asisubiri hizo siku 10 ndo aende hospitali. Na mbwa wako mwenyewe aliyechanjwa aking'atwa na mbwa usiyemjua mrudishe akachomwe tena haraka.

Dalili wengi wanaijua ile ya mbwa mkali anayekimbia hovyo. Kuna nyingine ya kimya, mbwa kalegea taya, udenda unatiririka, sauti imebadilika, hamezi, mwenyewe anadhani kakwamwa na mfupa anaingiza mkono mdomoni kuutoa. Usiingize mkono.

Hatua ya 6: Paka ana ratiba yake na sumu zake

Chanjo ya paka inaanza wiki ya 6 mpaka 8, kila wiki tatu au nne mpaka wiki 16, sababu ni ile ile ya kinga ya mama. Ndani yake kuna mafua mawili ya paka na ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaofuta uzao mzima wa vitoto kwa wiki moja, kirusi chake ni ndugu wa parvo kwa hiyo usafi wake ni jiki vile vile, ila suuza sana maana paka analamba kila kitu. Kumpeleka tumia boksi au tenga lenye kifuniko, usimbebe mkononi kwenye bajaji, akishtuka huyo harudi. Kumshika mzungushie kanga mwili mzima kichwa kibaki nje.

Sumu mbili uzikariri. Permethrini, ipo kwenye dawa nyingi za viroboto na kupe za mbwa na kwenye baadhi ya dawa za kupulizia wadudu, mbwa anaivumilia na paka hawezi kuivunja mwilini, anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Soma kichupa, kama hakuna picha ya paka au hakijaandikwa paka, hakimhusu. Ya pili parasetamo, zile panado za nyumbani, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kuna watu wenye huruma kabisa wanampa paka nusu kidonge kwa sababu ana homa. Usimpe hata robo.

Mama mjamzito asizoe mchanga wa paka, azoe mtu mwingine, na kila siku, kwa sababu vimelea vya tokso (toksoplasma, vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni) vikitoka na kinyesi vinahitaji siku moja mpaka tano ndo viweze kuambukiza. Sio lazima paka afukuzwe nyumbani. Nyama mpikie, na mboga za bustani zioshwe.

Hatua ya 7: Kupe, kazi ya kila wiki

Kupe wa mbwa yule wa rangi ya kahawia hakai sana kwenye mbwa. Ananyonya siku chache, anadondoka, anapanda ukutani anaingia kwenye ufa wa banda au nyuma ya fremu ya mlango, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 4,000. Kwa hiyo wewe unaogesha mbwa kila Jumamosi na jeshi lote liko kwenye ukuta linasubiri. Ziba nyufa za banda kwa saruji, lipake chokaa, ondoa magunia na mbao za zamani, fyeka nyasi, na dawa ya kupulizia ipige banda siku moja na kumtibu mbwa, mbwa akiwa mbali mpaka likauke. Rudia kama kichupa kinavyosema, maana mayai hayafi na dawa ya kwanza.

Mkague hivi: mlaze, anza ndani ya sikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia, malizia katikati ya kila kidole cha mguu, hapo katikati ya vidole ndo wanapojificha wadogo na ndo watu wanaporuka. Ukimkuta mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota, mtie kwenye spiriti. Usimponde kwa kucha wala usimchome na kiberiti akiwa kwenye ngozi.

Mkazo wote huu ni kwa sababu ya magonjwa mawili. Babesia inavunja damu, mbwa anapata homa, fizi zinakuwa nyeupe au njano, mkojo unakuwa kama chai nyeusi, kwa huku kwetu inaua ndani ya siku chache. Erlikia inakuja polepole, anakonda, anatoka damu puani, vidoti vyekundu tumboni, vitabu vya zamani vya Kiingereza viliuandika kwa jina la Nairobi kwa sababu ya damu hizo. Yote mawili yanatibika ukiwahi, na kupima ni tone la damu kwenye hadubini, usikubali kutibiwa kwa kuangaliwa tu kama maabara ipo.

Dawa zipo za kuogeshea, za kudondoshea shingoni, mikanda na vidonge vya kutafuna. Vidonge ni ghali ila vinakaa mwezi au miezi mitatu, na kwa mbwa wa mjini mmoja au wawili hesabu inakaa vizuri kuliko kuogesha kila wiki. Za kuogeshea ukitumia amitrazi fuata kipimo cha mbwa kilichoandikwa, sio cha josho la ng'ombe, isitumike kwa vitoto vidogo, na paka isimguse kabisa. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe msichomee mbwa kienyeji, tone moja la ziada kwa mbwa mdogo ni kipimo kikubwa mno, na jamii ya koli (collie, mbwa wa kuchunga kondoo) na machotara wake inaweza kuwaua hata kwa kipimo ambacho mwingine anavumilia.

Viroboto ni habari hiyo hiyo ya mazingira. Unaowaona kwenye mbwa ni sehemu ndogo, mayai na viluwiluwi viko kwenye mkeka na vumbi la sakafu, kwa hiyo fagia, fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, na tibu wanyama wote wa nyumba siku moja.

Hatua ya 8: Chakula

Ugali na dagaa sio dhambi, mbwa wengi wazuri wamekulia hapo, ila ongeza protini ya kutosha na asile ugali mtupu. Langu kubwa hapa ni mahindi. Yale yaliyoota ukungu ambayo watu hamuwezi kuyala, msisagie mbwa. Sumukuvu inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu, na kuipika haiiondoi. Kenya mwaka 2004 watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumukuvu, mahindi hayo hayo mtu anasema haya ya mbwa. Pumba zenye ukungu pia hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti visimfikie. Maji safi kila siku, kwa paka bakuli mbali na chakula.

Hatua ya 9: Uzazi

Jike wa mbwa anapata joto kila miezi sita hivi, mimba siku 63. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, bado mtoto mwenyewe. Kumtoa jike kizazi na vifuko vya mayai kabla ya joto la kwanza kunapunguza sana uvimbe wa matiti uzeeni, na kunaondoa ule ugonjwa wa usaha kwenye mfuko wa uzazi unaowapata majike wakubwa wiki chache baada ya joto. Sindano za kuzuia mimba sizishauri, zinaongeza hatari ya vitu hivyo hivyo viwili. Dume wa mbwa wa aina zenye umbo kubwa sana zungumza na daktari kuhusu umri, wengine wanasubiri mifupa ikomae.

Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, chembe zenyewe za uvimbe zinahama mbwa hadi mbwa, ni mwingi mitaani kwetu. Jike anadondosha damu wiki nenda wiki rudi, mwenyewe anajua ni joto. Joto haliendi miezi. Mpeleke, unatibika kwa sindano za kila wiki.

Hatua ya 10: Dakika tano kila Jumapili, na lini upige simu

Inua mdomo angalia fizi. Ziwe za pinki, bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, ndani ya sekunde mbili rangi irudi. Angalia meno, masikio kama yananuka, kucha, pitisha mkono mbavuni. Andika uzito mara moja kwa mwezi. Fanya hivi akiwa mzima ili siku ameumwa ujue kawaida yake ilikuwaje. Akifika miaka saba mpeleke kwa daktari mara mbili kwa mwaka hata kama haonyeshi kitu.

Kama unapanga kuhama naye kwenda Ulaya anza mapema sana. Umoja wa Ulaya unataka chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa, kisha damu ipimwe kwenye maabara waliyoikubali angalau siku 30 baada ya chanjo, halafu usubiri miezi mitatu ndo asafiri. Chipu iwe kabla ya chanjo au siku hiyo hiyo, ukigeuza mpangilio unaanza upya.

Usisubiri asubuhi kwa haya: mtoto anayetapika na kuharisha, fizi nyeupe, mkojo mweusi, degedege, kala sumu ya panya au panya aliyekufa kwa sumu, paka dume anayechuchumaa kukojoa na hakitoki kitu, tumbo la mbwa limevimba ghafla na anajaribu kutapika hatoi kitu. Piga simu umeshika kadi mkononi, mwambie daktari umri, uzito, chanjo ya mwisho tarehe ngapi, dawa ya minyoo na ya kupe tarehe ngapi, na alichokula tangu jana, na kama kala sumu soma jina lililoandikwa kwenye paketi na uje nayo.